Brashi, laida au Unity: njia tatu za kujenga uwanja wa gofu wa gemu unaofanana na wa kweli

Uwanja wa kwanza nilioujenga kwenye kihariri cha gemu ya gofu niliuonea fahari kwa siku mbili. Ulikuwa na ziwa karibu kila shimo, mabanka (mashimo ya mchanga) kila kona, na misonobari iliyopangwa kandokando ya feawei (njia ya nyasi fupi) kama askari wa gwaride. Siku ya tatu rafiki yangu aliucheza hadi shimo la sita, akasimamisha gemu na kuniuliza: "Mvua ikinyesha hapa, maji yanakwenda wapi?" Nikatazama. Grini, yaani nyasi fupi kabisa zinazozunguka kikombe, ilikuwa chini ya bakuli lisilo na mdomo. Mvua ya saa moja tu ingetosha kuizamisha.

Maji hufuata mkondo, wahenga walishasema. Mchezaji anaweza asijue kueleza kwa nini uwanja fulani unaonekana wa bandia, lakini macho yake yanajua. Mara nyingi anadhani ni miti, au ni ubora wa picha. Ukichunguza, unakuta ardhi yenyewe haieleweki: vilima havina sababu, mabonde hayaendi popote. Ndiyo maana mtu akiniuliza achague kihariri kipi, namrudishia swali jingine kwanza: ardhi yako utaitoa wapi?

Majibu yako matatu, na ndiyo ninayoyalinganisha hapa.

La kwanza ni kuifinyanga kwa brashi ndani ya gemu. Familia inayojulikana zaidi ni ile ya HB Studios ya Canada: ilianza na The Golf Club mwaka 2014, ikaja The Golf Club 2 mwaka 2017, kisha The Golf Club 2019, halafu ikabadili jina kuwa PGA Tour 2K21 (2020), 2K23 (2022) na 2K25 (2025). Kihariri kimebaki na moyo uleule muda wote huo. Unachagua mandhari, unasogeza vitelezi, gemu inazaa ardhi, nawe unaanza kuchonga. Kinafanya kazi hata kwenye konsoli, ukiwa umeegemea kochi.

La pili ni kuingiza laida, yaani vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kwa miale ya leza kutoka kwenye ndege. Wachezaji wenyewe walitengeneza programu ya kugeuza vipimo hivyo kuwa faili ambalo The Golf Club 2019, na baadaye PGA Tour 2K21, inaweza kulisoma. Hii ni ya kompyuta tu. Mwenye konsoli asijisumbue. Na kabla hujanunua chochote hakikisha programu hiyo inalisoma toleo la gemu ulilo nalo.

La tatu ni kuachana na kihariri cha gemu kabisa na kujenga kwa Unity, programu ya kutengenezea gemu, kama wanavyofanya wajenzi wa viwanja vya GSPro kwa kutumia seti ya zana iitwayo OPCD. Hapo unashughulika na programu nne au tano: QGIS kwa ajili ya ramani, Inkscape kwa kuchora mipaka, Blender kwa kutengeneza nyavu za umbo (nukta zilizounganishwa zinazounda sura ya kitu), na Unity yenyewe kwa kuunganisha yote. GSPro imeundwa kwanza kwa watu wanaopiga mpira halisi mbele ya kifaa cha kupima, kwa hiyo hata hadhira yako ni tofauti.

Tahadhari ndogo kwa wanaotaka kununua: EA Sports PGA Tour ya mwaka 2023 ina viwanja vya kupendeza, Augusta National ukiwemo, lakini haina kihariri. Kama lengo lako ni kujenga, ipite.

Ardhi

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ardhi inayozaliwa na vitelezi ina tabia moja inayoiumbua: vilima viko kila mahali kwa kiasi kilekile. Ardhi ya kweli ina upande uliolala na upande uliokunjamana. Ina mgongo mmoja mkuu, na mabonde madogo yanaungana na makubwa hadi yote yanateremkia upande mmoja. Ukitumia njia ya brashi, kazi yako ya kwanza iwe hiyo, kabla hujafikiria shimo hata moja. Chukua brashi kubwa kabisa yenye kingo laini, inamisha eneo zima kuelekea upande mmoja, kisha chimba mkondo mkuu na vijito viwili vitatu vya kuulisha. Mimi hutumia jioni nzima kwa hilo tu, na jioni hiyo haionekani kama kazi kwa sababu hakuna bendera hata moja iliyosimama.

Wengi hufanya kinyume. Wanachora mashimo 18 kwenye karatasi, wanayahamishia kwenye ardhi, halafu wanasawazisha chini ya kila feawei ili mpira usikimbie. Matokeo yake kila feawei inafanana na barabara ya lami iliyokatiza mlima. Wabunifu wa viwanja Bill Coore na Ben Crenshaw walipopewa ardhi ya Sand Hills huko Nebraska, uwanja uliofunguliwa mwaka 1995, waliona humo zaidi ya mashimo 130 yanayowezekana kabla ya kuchagua 18, na wakahamisha udongo kidogo sana. Zoezi hilo unaweza kuliiga bila gharama: tembeza kamera kwenye ardhi yako tupu, weka alama za mashimo thelathini, lala, kesho yake futa kumi na mawili.

Lakini sitaki uondoke ukidhani kwamba ardhi isiyoguswa ndiyo pekee inayoonekana ya kweli. Whistling Straits, uliofunguliwa mwaka 1998 kando ya Ziwa Michigan, ulikuwa eneo tambarare lililowahi kutumiwa na jeshi. Mbunifu Pete Dye alileta mchanga kwa malori mpaka pakafanana na pwani ya Ireland. TPC Sawgrass (1980), nao wa Dye, ulikuwa kinamasi. Udongo uliochimbwa humo uliacha mabwawa na kuzaa matuta ya watazamaji. Ile grini maarufu ya shimo la 17 iliyozungukwa na maji ilitokana na mchanga mzuri kuchimbwa pale hadi pakabaki shimo kubwa, na Alice Dye, mke wake, ndiye aliyetoa wazo la kuliachia maji. Kwa hiyo hata kwenye uwanja wa matingatinga kuna hesabu: kila tuta lina shimo lake mahali fulani. Kwenye kihariri udongo ni wa bure, nasi tunarundika matuta bila kuchimba popote. Jicho linahisi deni hilo. Ukiweka tuta refu nyuma ya grini, chimba bwawa au bonde karibu nalo, uone jinsi vyote viwili vinavyotulia ghafla.

Ukija kwenye laida, mzigo huu wote unatuliwa. Maji tayari yamekwisha fanya kazi yake kwa maelfu ya miaka na wewe unapokea matokeo. Nakumbuka mara ya kwanza nilipofungua ardhi ya namna hiyo: kulikuwa na vifereji vidogo vyenye kina cha goti ambavyo nisingevibuni hata ningeishi miaka mia. Marekani data hizi hutolewa bure kupitia mpango wa 3DEP wa USGS, shirika la jiolojia la nchi hiyo, na Uingereza kuna zile za Environment Agency, wakala wa mazingira. Mipaka ya grini, mabanka na feawei huchukuliwa kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, pale ambapo mtu amejitolea kuichora. Ambapo hakuna aliyeichora, utaichora wewe.

Ila laida inakupa umbo bila mavazi. Chukua Pinehurst No. 2, uwanja uliobuniwa na Donald Ross. Kati ya mwaka 2010 na 2011 Coore na Crenshaw waling'oa nyasi ndefu zilizokuwa zikimwagiliwa pembeni mwa feawei, wakarudisha mchanga na mafundo ya nyasi za asili. Kimo cha ardhi hakikubadilika sana, ilhali sura ya uwanja ilikuwa nyingine kabisa. Data za leza zisingekuambia hadithi hiyo. Wajenzi wanaotegemea laida mara nyingi huishia na ardhi kamilifu iliyofunikwa kijani kimoja kama zulia la plastiki, wakishangaa kwa nini haifanani na picha.

Kuna mtego mwingine. Ukiingiza ardhi ya kweli utaiona ni tambarare mno, na mkono utawasha kuzidisha kimo. Kamera ndiyo inayokudanganya. Shimo la 10 la Augusta National linashuka zaidi ya mita 30 kutoka tii (pale pa kupigia mpira wa kwanza) hadi grini, lakini anayeliangalia kwenye televisheni huona mteremko wa kawaida tu. Usitie chumvi. Kwenye njia ya brashi naruhusu chumvi kidogo kwa vilima vya mbali ambavyo hakuna atakayevichezea, basi.

Na Unity? Ardhi yake inaweza kutoka popote, mkononi au kwenye laida, na hapo ndipo ubora na balaa lake vilipo, kwa sababu kila hatua ya kuhamisha faili ina nafasi ya kuharibu. Mfano mmoja unatosha. Ramani ya kimo ni picha ambayo weupe wake unamaanisha juu na weusi chini. Ukiihifadhi kwa biti 8 una ngazi 256 tu. Kama uwanja wako una tofauti ya kimo ya mita 50, kila ngazi ni karibu sentimita 20, na mteremko laini unageuka ngazi za nyumba. Kwa biti 16 una ngazi 65,536, na kila moja haifiki hata milimita moja. Nilipoteza wikendi nzima kutafuta kosa hilo, nikilaumu kila programu isipokuwa kile kisanduku kimoja cha kuchagua wakati wa kuhifadhi.

Grini: laida haikusaidii kama unavyofikiri

Watu hudhani kwamba grini ndiyo sehemu ambayo vipimo vya leza vitashinda kwa mbali. Tufanye hesabu. Sehemu za grini zinazofaa kuwekwa bendera kwa kawaida huwa na mteremko wa asilimia 1 hadi 3. Asilimia 2 ni sentimita 2 kwa kila mita. Data za daraja la kawaida la USGS zina angalau nukta mbili kwa mita ya mraba, na kosa la wima linalokubalika ni kama sentimita 10. Sehemu kubwa ya kosa hilo husogeza eneo zima juu au chini, jambo lisilodhuru. Lakini nukta mbili jirani zikitofautiana kwa sentimita 3 tu kimakosa, tayari una mteremko wa uongo mkali kuliko ule wa kweli. Mpira utayumba kama mlevi.

Kwa hiyo grini ya laida inabidi ilainishwe, na ikilainishwa sana inapoteza yale mawimbi madogo yaliyokufanya uitake. Mwisho wa yote unashika brashi. Anayefinyanga kwa mkono tangu mwanzo hapungukiwi chochote hapa. Kama ana jicho zuri, anaweza hata kumzidi mwenzake. Unity inakupa udhibiti mkubwa zaidi, kwani grini inaweza kuwa wavu wake wenye nukta nyingi kuliko ardhi iliyoizunguka. Ardhi ya kilomita mbili kwa ramani ya nukta 2049 kila upande ina nukta moja takriban kila mita, na hiyo ni haba kwa grini yenye eneo la mita za mraba 500 hivi.

Kosa ambalo ni la njia zote tatu ni kuzidisha mawimbi. Kwenye skrini asilimia 2 haionekani kabisa, hivyo mjenzi anaongeza mpaka aione, na akishaiona imefika asilimia 6. Kisha anaweka kasi ya grini ya mashindano makubwa. Mpira ukipita kikombe hausimami mpaka utoke nje. Amini namba, na ujaribu kwa kupiga mipira, maana macho peke yake hayatakuambia ukweli.

Mabanka na kingo

Alister MacKenzie, aliyeshirikiana na mchezaji mashuhuri Bobby Jones kubuni Augusta National, alikuwa daktari kabla ya kuwa mbunifu wa viwanja. Akiwa na jeshi la Uingereza katika vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, alivutiwa na jinsi Makaburu walivyoficha mahandaki yao hadi yakachanganyika na mazingira. Utaalamu huo wa kujificha aliuleta kwenye gofu: akitaka kazi ya mkono wa mtu isitambulike kando ya kazi ya maumbile. Kwangu mimi hilo ndilo somo zima la mabanka.

Vihariri vya ndani ya gemu vina maumbo ya mabanka yaliyokatwa tayari, na hayo ndiyo yanayoumbua uwanja haraka kuliko kitu kingine. Mchezaji mzoefu akiona lile umbo la karanga mara mbili anajua hapa palikuwa na haraka. Yapo matumizi yake: mimi huyatumia kama rasimu, kisha nachora upya kwa mstari wa kupinda, nikihakikisha kila banka lina upande mmoja ulioinuka, unaotazamana na mchezaji, na upande wa chini unaoingia bila kingo kali. Banka ambalo kingo zake zina kimo sawa pande zote ni sahani ya mchanga.

Kingo ziendane na mahali. Viwanja vya pwani vya Uskoti, kama Old Course ya St Andrews wenye mabanka 112, vina mabanka madogo yenye kina na kuta za matabaka ya nyasi. Viwanja vya ukanda wa mchanga wa Melbourne, mathalani Royal Melbourne, vina mabanka makubwa yenye kingo kali zinazokata hadi ukingo wa grini. Ukichanganya mitindo hiyo miwili kwenye uwanja mmoja, hakuna kihariri kitakachokuokoa. Katika jambo hili Unity iko mbali mbele: unaweza kujenga ukuta wa matabaka unaosimama wima, kitu ambacho brashi ya kuinua na kushusha inakifanya kwa shida sana. Laida nayo ni dhaifu hapa. Nukta zake ni chache mno kushika ukuta wima, hivyo banka lenye kina linarudi likiwa bakuli la supu lenye kingo za mviringo. Utalichonga tena.

Halafu kuna suala la mashine ya kukata nyasi, ambalo karibu kila anayeanza hulisahau. Mteremko unaopanda mita moja kwa kila mita tatu ndio mpaka wa kawaida ambao mashine hufanya kazi bila taabu. Ukiona kwenye uwanja wako nyasi fupi, nadhifu, zimepanda ukuta mkali kuliko huo, jiulize nani alizikata. Mahali hapo paka nyasi ndefu. Mabadiliko haya madogo, ya kuacha kila mteremko mkali uote ovyo, yameboresha viwanja vyangu kuliko miti elfu moja. Pia yanakusaidia kuchora mipaka ya feawei bila kubuni: mahali mashine inapogeuka, ndipo ukingo unapopinda.

Miti, maji na mengineyo

Kuhusu miti nitakuwa mfupi. Panda kwa makundi yasiyo sawa, miti mikubwa katikati na midogo pembezoni, vichaka chini yake, na uache mmoja mmoja ukijitenga. Usiikuze kupita kiasi. Mwaloni mkubwa ni mita 20 hadi 25, na njia ya vigari vya gofu ina upana wa kama mita 2.4. Weka njia hiyo kando ya mti uone kama vinalingana. Kihariri cha 2K kina kipimo cha nafasi kinachokuzuia kuweka vitu bila kikomo, jambo ambalo wengi hulilalamikia nami nalishukuru. Unity haina kizuizi kama hicho, na ndiyo maana nimewahi kuona viwanja vya kupendeza ambavyo kompyuta ya kawaida haiwezi kuvifungua.

Mwanga kwenye 2K huja tayari na ni mzuri. Kwenye Unity ni somo zima lingine. Nisingemshauri mtu achague njia kwa sababu ya mwanga.

Lililo muhimu kuliko yote haya ni kutembea. Gemu hukurusha kutoka grini moja hadi tii inayofuata kufumba na kufumbua, hivyo mjenzi wa brashi husahau kwamba kuna mtu angelazimika kuubeba mfuko wake mita 400 kuvuka bonde. Kwenye viwanja vingi vya zamani tii inayofuata iko hatua chache tu. Aliyeingiza laida ya uwanja halisi hapati tatizo hili kwa sababu mpangilio ameurithi. Ukiwa unabuni mwenyewe, tembeza kamera kwa kimo cha mtu kutoka grini hadi tii, mara kumi na saba. Utachoka, nawe utahamisha mashimo.

| | Brashi ndani ya gemu | Laida ndani ya gemu | Unity |
|---|---|---|---|
| Kifaa | Konsoli au kompyuta | Kompyuta | Kompyuta yenye nguvu |
| Kinachokuja bure | Mwanga, nyasi, miti | Umbo la ardhi na mpangilio | Karibu hakuna |
| Kinachochosha | Kubuni mikondo ya maji | Kulainisha grini, kuchora mipaka | Kuhamisha mafaili, kurekebisha makosa |
| Kinachoumbua | Vilima vinavyofanana, mabanka yaliyokatwa tayari | Kijani kimoja kila mahali | Uwanja mzito usiofunguka |
| Shimo la kwanza linalochezeka | Jioni moja | Siku chache | Mimi: wikendi tatu |

Basi uchague ipi?

Kama hujawahi kujenga hata shimo moja, anza na brashi, hata kama unajua moyoni kwamba unataka kuishia Unity. Sababu yangu si urahisi wake. Brashi inakulazimisha kufikiria ardhi kuanzia sifuri, na makosa yake unayaona papo hapo kwa kucheza. Anayeanzia kwenye laida hupata ardhi nzuri ya kukopa na anaweza kumaliza viwanja vitano bila kujua kwa nini ni mizuri. Nimewaona wajenzi wa namna hiyo wakipewa eneo tupu: wanaduwaa.

Kama unataka kuujenga upya uwanja ambao unaujua kwa miguu yako, laida ndiyo njia, na hakuna mjadala. Hakuna mkono utakaokumbuka kila mkunjo wa ardhi uliyoitembea miaka kumi. Kusanya picha nyingi za pembeni za uwanja huo kabla ya kuanza, kwa ajili ya yale mavazi niliyoyasema, na uangalie mwaka ambao data zilipimwa. Uwanja ukiwa umefanyiwa ukarabati baada ya ndege kupita, utajenga uwanja ambao haupo tena. Wapo wanaolitaka hilo hasa, kufufua mpangilio uliokwisha zikwa, na ni mchezo mtamu sana, lakini lisikupate kwa bahati mbaya.

Unity ni kwa mtu wa aina mbili. Wa kwanza ana chumba chenye wavu na kifaa cha kupima mpira, anacheza GSPro tayari, na anataka uwanja fulani uwepo. Wa pili anapenda Blender kuliko anavyopenda gofu. Kama wewe si mmoja wao, nguvu yako itaisha kati ya shimo la pili na la tatu, na mafaili yatabaki kwenye folda. Ninazo folda mbili za hivyo.

Kuna pia njia ya mchanganyiko ambayo siku hizi ndiyo ninayoipenda, ingawa haitajwi sana. Chukua laida ya mahali ambapo hakuna uwanja wa gofu: bonde la mto, malisho, ufukwe wenye vilima vya mchanga. Iingize kwenye gemu bila mipaka yoyote, halafu tafuta mashimo yako mwenyewe humo kwa brashi ndogo. Maji yana pa kwenda tangu siku ya kwanza, hakuna mbunifu wa kumwiga, na bado unafanya kazi ya kuchagua inayokufundisha. Uwanja wangu wa mwisho niliujenga hivyo, na nilichonga kwa mkono grini na mabanka peke yake.

Rafiki yangu yule aliucheza mwezi uliopita. Safari hii hakusimama shimo la sita. Alifika hadi la kumi na moja, akasogeza kamera kwenye kona nyembamba kati ya banka na kijito, akakaa kimya kidogo.

"Sasa hapa," akasema, "mashine ya nyasi inageukia wapi?"